Tulimchezea bosi kura ya damu hapa Kigali, mashine ikasema hana breki

Wakuu, heshima zenu, mlioko Bongo na mlioko huku ughaibuni wa karibu.

Kabla hamjaanza kuniita mtunzi, nasema mapema: haya yalinikuta mimi mwenyewe, kazini kwangu. Chumvi sijaongeza, isipokuwa kidogo kwenye sura ya bosi, maana amenipa ruhusa ya kuandika kwa sharti moja tu, kwamba humu awe mtanashati. Basi jueni kwamba bosi wangu ni mtanashati. Majina nimebadilisha yote, kwa hiyo wapelelezi wa jukwaa mpumzike.

Mimi ni Mnyarwanda niliyekulia Ngara. Nimesoma Tanzania, nikarudi nyumbani ukubwani. Hapa Kigali wananiita Mtanzania, nikienda Ngara wananiita Mnyarwanda. Nishazoea.

Nafanya kazi kwenye maabara moja ya utafiti upande wa Kicukiro. Dirisha letu linatazama kilima cha Rebero, ingawa hilo dirisha muda mwingi tunalifunika na pazia zito. Sababu inakuja.

Sasa nieleze kazi yetu kidogo. Watu wa sayansi mnivumilie, watu wa arts msikimbie.

Mwilini mna askari wanaitwa seli T. Hawa jamaa wana hasira. Wakiachwa hivihivi wanaweza kupiga hadi wasio na hatia, kwa hiyo wamewekewa breki kwa nje. Breki ni protini, na moja iliyo maarufu inaitwa PD-1. Saratani nyingine ni janja, inakuja inaikanyaga ile breki, askari anasinzia, yenyewe inaendelea kujenga.

Sisi tunapima breki.

Kwa kuwa breki haionekani kwa macho, tunatumia kingamwili za monoclonal, yaani zile ambazo zote zimetoka ukoo mmoja na zinashika kitu kimoja tu, hazina tamaa. Kila kingamwili imefungiwa rangi inayong'aa ikipigwa leza. Unachanganya na damu, unasubiri gizani, unaosha, kisha unapitisha kwenye mashine iitwayo flow cytometer. Humo seli zinapita mojamoja kama watu getini uwanjani, na kila moja inamulikwa.

Ikiwaka kijani, hiyo ni seli T. Ikiwaka kijani na rangi ya chungwa kwa pamoja, hiyo ni seli T yenye breki.

Kila mtu mwenye afya, mashine ikimpima, lazima rangi ya chungwa ionekane kiasi fulani. Kila mtu. Hilo lishikeni, uzi wote umelala hapo.

Hizo rangi zina maringo. Hazitaki joto, hazitaki mwanga. Ndiyo maana tunazima taa na kufunga pazia mchana kweupe. Ukipita nje ukachungulia utadhani tunamkwepa mwenye nyumba.

Tuendelee.

Ili kujua kama kipimo kinafanya kazi, unahitaji damu ya mtu mzima wa afya. Tunaiita kontroo. Kila Jumanne mmoja wetu anatoa damu. Kibali tumesaini sote, kwa hiyo msiniletee sheria.

Nani atoe? Tunapiga kura. Kila mtu ana rangi yake ya kifuniko cha tyubu. Mimi kijani, Jolie zambarau, Fidele nyeupe (anapenda usafi), bosi njano. Vifuniko vinawekwa kwenye kopo la zamani la maziwa ya unga, linatikiswa, bosi anaingiza mkono anavuta kimoja. Rangi yako ikitoka, unakunja shati. Na kontroo yako ikitoa picha mbaya kwenye mashine, unatununulia wote mishkaki ya mbuzi kule Rebero. Hapa wanaiita brosheti.

Sasa wahusika.

Bosi ni Mzee Tadeo, daktari, mtu wa makamo aliyevuka kidogo, kakulia Bujumbura. Akifurahi anasema Kiswahili, akikasirika anahamia Kifaransa. Akianza na "voyons", yaani "hebu tuone", ujue umekwisha.

Jolie ni binti mpya, yuko kwenye kipindi cha majaribio. Mchapakazi, mcheshi, na harusi yake ilikuwa inakaribia. Mkataba ukitoka, maisha yanaanza. Usipotoka, yule mchumba wake ambaye naye kazi yake ni ya kuungaunga angekuwa anaoa huku hajui wataishije.

Fidele ndiye mtu wa ubora, mkaguzi wa vipimo vyetu. Kakulia Kampala. Ndiye anayeandika ripoti kwamba mtu apewe mkataba au asipewe. Si mtu mbaya. Ila huyu ndugu hata salamu anataka ifuate utaratibu.

Basi, mwaka huu Mzee Tadeo alianza tabia ya ajabu.

Zamani alikuwa wa kwanza kukunja shati. Safari hii, kila kifuniko cha njano kikitoka, anaruka. Mara kanywa dawa ya presha, mara hajala, mara ana mkutano Kiyovu. Halafu akaanza kuvaa raba. Wakuu, suti nzuri ya kijivu, tai, halafu chini raba kubwa nyeupe za vijana wa mazoezi.

Mnajua watu wa ofisini. Tulishajipa majibu yote. Mzee kaogopa sindano uzeeni, na raba ni kwa sababu kuna mahali kapata binti mdogo. Mimi ndiye niliyeongoza hiyo kamati ya umbea, sikatai.

Jumanne moja nikamwambia Jolie, leo Mzee hachomoki. Nikatoa vifuniko vyote kwenye kopo, nikaweka vya njano vitupu. Jolie akacheka mpaka akakaa chini.

"Sha, wewe utafukuzwa!" Hiyo "sha" ya Kigali ni kama "jamani".

"Atajuaje? Anavuta kimoja tu."

Mzee akaja na raba zake. Akaingiza mkono. Akakaa nao ndani ya kopo muda mrefu kuliko kawaida. Akatoa njano. Akakitazama, akanitazama mimi, akatazama tena kifuniko.

Tukangoja kisingizio.

"Eh bien, haya," akasema. "Leo ni zamu yangu." Akavua koti, akakunja shati mwenyewe.

Mimi nikaona nimeshinda kabisa. Jolie akamtoa damu. Mzee akashukuru, akavaa koti, akachukua mkoba, akasema anakwenda Nairobi kikazi, atarudi Alhamisi. Akaondoka anachechemea kidogo, nasi nyuma tukakonyezana.

Siku hiyo tulikuwa tunafungua kichupa kipya cha kingamwili ya PD-1, ile ya rangi ya chungwa. Kilikuwa kimefika kwa ndege wiki iliyotangulia, na Jolie ndiye aliyetumwa kukichukua uwanja wa ndege. Ile ya kijani ilikuwa ya zamani, ipo kwenye friji yetu.

Jolie akachanganya, akasubiri gizani, akaosha. Mimi nikapitisha kwenye mashine.

Kijani ikaja safi. Seli T zimejaa, za kumwaga.

Chungwa, hakuna.

Sio kidogo, wakuu. Hakuna. Kioo cha kompyuta kilikuwa cheusi upande ule kama sijaweka kitu.

Mnadhani nilishtuka? Wala. Nilipiga picha kioo nikaitupa kwenye kundi letu la WhatsApp: "Imethibitishwa kisayansi, Mzee hana breki hata moja. Ndiyo maana siku hizi anavaa raba."

Vicheko vikamwagika. Watu wakaanza kuagiza brosheti na ndizi za kuchoma kwa jina la Mzee.

Kisha Fidele akaandika: "Hiki ni kichupa kipi? Nani alikipokea?"

Vicheko vikakata palepale.

Maana kwa mtu wa ubora, hakuna binadamu asiye na breki. Kuna kingamwili iliyokufa. Na kingamwili ikifa kuna aliyeiua.

Jolie alikuja kwenye meza yangu. Akanifungukia. Siku ile ya kwenda uwanja wa ndege, wakati wa kurudi alipitia Gisozi, pale Agakiriro kwa mafundi wa samani. Fundi alikuwa amempigia simu kwamba kitanda cha harusi kimekamilika, aje akione kabla hajapaka vanishi. Akaingia "dakika tu". Wanawake mnajua dakika za kitanda cha harusi. Kukawa na ubishi juu ya maua yaliyochongwa kichwani pa kitanda, na boksi la kingamwili likawa liko naye hukohuko kwenye jua.

"Sha, mi nimeua kingamwili kwa sababu ya kitanda," akasema.

"Nani anajua kwamba ulipitia?"

 Akanionyesha simu. Aliweka status. Yeye kakaa juu ya kitanda kipya, tabasamu hadi sikioni, na pembeni yake, juu ya mbao, lile boksi jeupe la baridi lenye stika kubwa ya kutaka lihifadhiwe kwenye friji.

Fidele alikuwa ameiona. Na Fidele alikuwa ameihifadhi.

Wakuu, nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Mtu anaweza kuficha kosa lake, lakini Jolie alilipiga picha na kuliwekea vimoyo.

Kikao kilipangwa Ijumaa asubuhi. Fidele alituambia waziwazi kwamba kama kichupa kimekufa kwa uzembe, hawezi kuandika kwamba Jolie apewe mkataba.

Hapo mzaha ukanitoka. Mimi ndiye niliyeleta kura ya njano, mimi ndiye niliyerusha picha kwenye kundi. Ningefunga mdomo, tungerudia kipimo kimyakimya.

Jumatano nikamwambia Jolie, nitoe damu mimi. Mimi mzima, nakula nalala, breki ninazo. Tukatumia kichupa kilekile.

Taa zimezimwa, tumebanana mbele ya kioo, na seli zangu zikaanza kushuka. Kijani. Halafu chungwa, nzuri, imekaa mahali pake.

Kichupa kizima! Jua la Gisozi halikukifanya kitu, barafu ya ndani ilikuwa bado ipo. Jolie alicheza pale gizani mpaka akagonga kiti.

Tukamwita Fidele. Akatazama kioo, akatikisa kichwa taratibu.

"Okay. Antibody ni nzima. Basi kwa tyubu ya Dokta haikuwekwa."

"Mi niliweka!" Jolie akasema.

"Iko nani alikuona?"

Hakuna aliyemwona, tulikuwa gizani.

Kwa hiyo dada wa watu alikuwa ametoka kwenye kesi ya kuua akaingia kwenye kesi ya kusahau. Na kwa Fidele, ya pili ilikuwa mbaya zaidi, maana jua ni bahati mbaya, lakini kusahau kuweka kitu ambacho ndicho kazi yenyewe, hapo humwachii mtu sampuli za wagonjwa.

Jolie akaenda chooni, akarudi macho mekundu, akaendelea kupanga tyubu. Iliniuma sana.

Nikakumbuka kwamba damu ya Mzee ilibaki kidogo. Nikasema ngoja niirudie kwa mkono wangu. Ikiwaka, basi kweli Jolie alisahau, na angalau tutajua. Isipowaka...

Hapo sikuwa nimefikiria kwa sababu nilijua itawaka.

Nikaweka kingamwili mwenyewe. Nilitazama tone likishuka. Nikasubiri, nikaosha, nikapitisha.

Kijani imejaa. Chungwa, hakuna.

Nikakaa nikitazama kile kioo. Kichupa kizima. Mkono wangu mzima. Iliyobaki ni damu.

Wenzangu wa fani mtakuwa mmeshajua. Kwa wengine nieleze. Siku hizi kuna dawa za saratani ambazo nazo ni kingamwili. Mtu anawekewa kwa dripu, zinakwenda kukaa juu ya breki ya PD-1 na kuifunika, saratani ikija kukanyaga inakuta kiti kimekaliwa. Askari anaamka, vita inaanza. Sasa mtu aliye kwenye hiyo dawa, sisi tukileta kingamwili yetu yenye rangi, nayo inakuta kiti kimekaliwa. Haina pa kukaa. Inaoshwa na kumwagwa. Kioo kinasema hakuna breki, kumbe breki zipo, zimefunikwa.

 Nikajiambia, acha ujinga, Mzee ni mzima.

Kwenye friji kulikuwa na kichupa kingine, masalia ya mradi wa minyoo. Hicho kinashika kingamwili za binadamu za aina ya nne, na dawa hizo nyingi ni za aina hiyo. Seli T za mtu wa kawaida, ukiziosha vizuri, haziwaki nacho. Nikaweka kwenye tyubu ya Mzee na kwenye yangu, kwa pamoja.

Yangu ikabaki giza.

Ya Mzee ikawaka yote, wakuu. Dawa ya saratani ilikuwa imekaa juu ya seli zake.

Nikaona zile raba. Nikaona safari za Nairobi "kikazi". Nikaona visingizio vya presha. Na nikaona ile picha niliyoitupa kwenye kundi, na maneno niliyoandika chini yake. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Jolie akagonga mlango. "Imetoka?"

Sasa nifikirieni mimi hapo. Nikimwita Fidele aje aone, Jolie kaokoka dakika hiyohiyo, na ugonjwa wa Mzee unajulikana jengo zima kabla ya chakula cha mchana. Nikinyamaza, Mzee kabaki na siri yake, na Jolie hana kazi.

"Bado," nikamwambia.

Nilisikia akiondoka na viatu vyake vidogo. Kumdanganya mtu anayelia ni kazi ngumu, msiombe.

Mzee alirudi Alhamisi mchana. Nilimkuta ofisini kaketi, raba moja kaivua, mguu kaupandisha juu ya kiti kingine, unyayo umefungwa bandeji. Alitaka kuushusha, kisha akauacha.

"Funga mlango, mon fils, mwanangu."

Nikafunga. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, yote yakapotea.

"Dokta, sampuli yako haikutoa PD-1."

Akaegemea mbele. "Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Nimerudia mwenyewe."

Wakuu, yule mzee alipiga makofi. Alipiga makofi kama mtoto! Akacheka mpaka miwani ikateleza.

"Basi imefika!" akasema. "Imefika, wewe! Mi nauliza madaktari, je, dawa imeshika? Wanasema tungoje. Kila siku tungoje. Na mi niko na mashine yangu hapa nyumbani!"

Nikavuta kiti, nikakaa.

Akanieleza. Uvimbe ulianza chini ya unyayo, ukafanana na kijidonda cha kiatu, alipokuja kushtuka umeshaanza kusafiri. Wanamtibu Nairobi. Mkewe tu ndiye anayejua. Alikuwa anakwepa kura kwa sababu kanuni ya kontroo ni mtu mzima asiye na dawa, na kanuni hiyo aliiandika yeye.

"Halafu ile Jumanne," akasema, "nikaingiza mkono kwa kopo. Nikachungulia. Njano, njano, njano. Unafikiri mi kipofu? Nikasema, kama watoto wananiibia, acha waniibie. Mi pia nataka kuona."

Sikujua nicheke au nipige magoti. Nikamwambia nimepima na ile ya aina ya nne. Nikamwomba radhi, maana hilo sikuwa na ruhusa nalo. Akataka aione. Tukaenda, nikamwonyesha. Alisimama mbele ya kioo na raba moja mguuni, akitazama seli zake zikiwaka.

Kisha nikamwambia habari ya Jolie.

Kicheko kilimtoka usoni. "Jolie anahukumiwa kwa nini? Yeye alifanya kila kitu sawa."

"Ndiyo. Ila kuonyesha hivyo ni kukuonyesha wewe."

Akakaa.  Nje kuna mtu alikuwa anakata nyasi, tukawa tunasikiliza hiyo mashine.

"Mi nina watoto watatu hawajui," akasema mwishowe. "Wakisikia kwa WhatsApp ya kazini itakuwa mbaya. Uniachie mpaka kesho."

Nikamwachia. Nitasema ukweli, nilitoka pale sijui atafanya nini. Ni haki yake kunyamaza, hilo nililijua. Lakini nilikuwa nawaza macho ya Jolie.

Ijumaa asubuhi, kikao. Jolie kakaa mwisho wa meza, kavaa vizuri kama anayekwenda kanisani. Fidele akafungua kompyuta, akaanza kusoma: tyubu ya kontroo, rangi ya PD-1 haikuonekana, kichupa kimethibitishwa kizima, kwa hiyo kosa ni la aliyechanganya.

Mzee akainua mkono, yeye bosi, anaomba nafasi kama mwanafunzi.

"Fidele, hapo sahihisha. Jolie aliweka. Ile kontroo ndiyo haikuwa mzima."

Fidele akakunja uso. "How? Kontroo lazima iwe mzima, ni procedure."

"Najua. Mi ndiye niliandika hiyo procedure. Na kontroo ni mimi."

Akawaeleza. Bila kupamba, bila kujihurumia. Mguu, Nairobi, dawa, na kwa nini kioo kilikuwa cheusi. Akasema jana jioni amekaa na watoto wake, kwa hiyo sasa hakuna siri ya kulinda. Akaniomba nionyeshe picha ya ile tyubu yake ya kipimo cha aina ya nne, nikaonyesha.



Jolie aliinama akaweka uso mezani, mabega yanatikisika. Mzee akamwambia, "Ihangane, vumilia, usilie. Niambie, kile kitanda maua yalibaki ama yalitolewa?"

"Yalibaki," akajibu hukohuko mezani.

"Vizuri. Maua ni lazima."

Fidele vidole vilikuwa bado juu ya kompyuta. Mtu wa utaratibu, na utaratibu unataka paandikwe chanzo cha kosa. Nilimwona akitafuta neno. Macho yake yalikuwa yamejaa maji na hakuyafuta.

"Kwa hiyo, chanzo... niandike Dokta?"

"Andika. Ni kweli." Kisha Mzee akageuza kichwa taratibu mpaka akanipata. "Voyons. Lakini andika pia na huyu Mtanzania. Yeye ndiye alijaza njano kwenye kopo."

Kikao chote kikanigeukia.

Fidele akafunga kompyuta. Mara ya kwanza tangu nimjue, alifunga kabla ya kumaliza kuandika. Akasema, "Hiyo iko serious zaidi ya kila kitu," na watu wakaangua kicheko huku wanajifuta machozi, hujui nani anacheka na nani analia.

Adhabu ilipitishwa papohapo. Kontroo ilitoa picha mbaya, na kwa kuwa iliingia kwa wizi wa kura, mwizi alipe. Jioni hiyo Rebero walikula mbuzi kama hawajawahi kumwona. Fidele, ambaye mimi nilidhani anaishi kwa chai tu, ndiye aliyenimaliza.

Jolie alipata mkataba. Akaolewa. Mzee alicheza kwenye harusi akiwa na raba zilezile na suti ileile, na safari hii hakuna aliyeuliza kuhusu binti mdogo. Ile picha niliyoitupa kwenye kundi niliifuta, yeye akaniambia nirudishe, anataka kuwaonyesha madaktari wake Nairobi.

Kuhusu ugonjwa, msiniulize amepona au hajapona. Anaendelea na dripu. Uvimbe mmoja umesinyaa, mwingine wanauangalia. Sisi tunangoja naye.

Nilichojifunza mimi ni hiki. Kioo kikiwa cheusi, usikimbilie kumshika aliyekuwa na kichupa mkononi. Huenda kitu kipo, kimefunikwa tu. Na mtu akibadilisha viatu, mwulize anaumwa nini kabla hujamwozesha.

Na mabinti: mkitumwa mzigo wa friji, status iwekwe mzigo ukishafika.

Haya wakuu, uwanja wenu. Kuna aliyewahi kubebeshwa kosa kazini kwa sababu ya siri ya mtu mwingine? Mngekuwa mimi siku ile mlango unagongwa, mngemwambia Jolie nini? Wa fani karibuni mnikosoe, wa matusi pia karibuni, nina breki za kutosha, zimepimwa.

Naachia hapa maana leo ni Jumanne na kura inaanza. Tangu yale mambo Mzee hashiriki, kazi yake ni kutikisa kopo na kuvuta. Na tangu aanze, wakuu, kinatoka kijani. Jumanne iliyopita kijani, kabla ya hapo kijani, mpaka mkono wangu umekuwa na alama kama wa mtu wa mambo mengine. Wiki iliyopita alipotoka nikafunua kopo nikachungulia. Vyote kijani. Hata kimoja cha rangi nyingine hakimo.

Nikalifunika, nikalirudisha mahali pake.

Nasikia raba zinakuja kwenye korido. Shati nimeshalikunja.